Aliyeamriwa Kunyamaza

Kilichoanza kilikuwa kidogo. Kikombe cha chai kiligonga kisahani chake, tu, tu, tu, na hakuna aliyekigusa.

Mke wa daktari alikuwa ameuliza habari za mwalimu wa chekechea aliyepasuliwa juzi yake. Daktari, ambaye hospitalini walimwita Mkono wa Hariri, akajibu, "Upasuaji ulikwenda salama. Uvimbe ndio uliokuwa umeing'ang'ania neva ya uso." Kikombe kikagonga. Aliponyamaza, nacho kikanyamaza.

"Lori hilo," mkewe alisema.

Hakuna lori lililopita, na daktari aliijua sauti ile.

Nyuma ya sikio, mfupa wa fuvu huchimbwa kwa keekee ndogo, maji yakimiminwa ili usiungue, mpaka ubaki mwembamba kama ganda la yai na buluu ya mshipa wa damu ianze kuonekana. Ng'ambo ya hapo kuna uvimbe, na ubavuni mwa uvimbe neva ya uso, ule mshipa wa fahamu unaochezesha shavu na jicho, imebanwa ikawa kama utepe uliolowa. Jicho laweza kuipita lisiione. Ndiyo maana mgonjwa huchomwa sindano nyembamba shavuni, zikaunganishwa na kisanduku kinachogonga kila neva inaposumbuliwa. Siku ya kumpasua mwalimu, saa ya saba ya kazi, kisanduku kiligonga bila kupumzika.

"Profesa, neva inalalamika," alisema mwanamama fundi wa mashine.

"Na mimi nalalamikia makelele. Punguza sauti."

Wengine walicheka kwenye barakoa zao. Fundi akapunguza. Mwalimu alipoamka, nusu ya uso wake ilikuwa imelala, na jicho la upande huo halikufumba. Kwenye ripoti daktari aliandika kwamba mashine haikutoa onyo lolote.

Wiki mbili zikapita, na sauti ikahama kikombeni ikaingia kwenye bomba la maji, kisha kwenye mbao za kitanda. Ilikuja na harufu ya mfupa ulioungua, kama ukucha uliotupwa motoni. Haikusubiri giza. Ilisubiri daktari aufungue mdomo kuisimulia siku ile.

Jumapili ya tatu shemeji yake alikuja kula, na katikati ya chakula akauliza, "Sasa huyo mwalimu wako atapona?"

"Mungu ndiye ajuaye. Sisi tulifanya kila linalowezekana."

Harufu ikajaa chumbani, meza ikaanza kugonga chini ya sahani, na binti yake wa miaka sita, aliyekuwa akicheka kichekesho cha mjomba wake, akaendelea kucheka kwa upande mmoja tu, kwani shavu la kushoto lilikuwa limeteremka kama nguo iliyopoteza kifungo, na maji aliyokuwa akinywa yakamchirizika kidevuni bila yeye kujua, huku akimtazama baba yake na kusubiri naye acheke.

"Baba, mbona unaniangalia hivyo?"

Jikoni mkewe alimshika mkono. "Umeona?" alinong'ona.

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mjinga, baba yake. Mdomo wa mtoto."

Jioni hiyohiyo aliitwa shangazi wa mke, aliyekuwa akiagua watu wenye majini tangu ujana wake. Alimpakata mtoto, akamnusa nywele, akakunja uso.

"Nani yuko humu?"

Mtoto alijibu kwa nusu ya mdomo, kwa sauti kavu isiyokuwa yake. "Mlinzi wa ile neva. Nililia, daktari huyu akaamuru ninyamazishwe. Nimekuja kulilia hapa."

"Wataka nini?"

"Aseme kwa mwenye uso."

"Na asiposema?"

"Shavu ninalo. Kesho nachukua jicho."

Shangazi akamgeukia daktari. "Mkwe wangu, nimetoa majini ya kila namna. Yapo yanayotaka manukato, na moja lilitaka nivae viatu vya kisigino, nami miguu yangu ndiyo hii. Hili halitaki kitu kutoka kwangu."

"Nikisema wataninyang'anya kisu, Shangazi. Sina kazi nyingine ninayoijua."

"Sikukuuliza kazi yako. Mtoto huyu ni wako au si wako?"

Asubuhi alimwomba fundi wa mashine amfuate wodini. Fundi hakuuliza kwa nini, na hilo lilimchoma kuliko swali. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani. Mlangoni mwanawe mdogo alikuwa amejificha nyuma ya bibi yake, akikataa kuingia.

Daktari alisema bila kuketi. Kwamba mashine ilitoa onyo. Kwamba yeye ndiye aliyeamuru sauti ipunguzwe, akaendelea kuuvuta uvimbe ule. Kwamba alipaswa kusimama, hata kubakiza kipande. Kwamba ripoti ni ya uongo, naye ataipeleka mwenyewe kwa mkuu wa hospitali.

"Nani mwingine alisikia?" mwalimu aliuliza. Maneno yalimtoka kwa shida, upande mmoja.

"Chumba kizima."

"Nami nilisikia," alisema fundi, macho sakafuni. "Nikapunguza."

Mwalimu alimgeukia daktari. "Nilipoamka uliniambia Mungu ndiye ajuaye. Wiki tatu hizi natubu. Nimehesabu kila mtu niliyewahi kumkosea, nimewapigia simu kuwaomba radhi, hata mke mwenza wa mama yangu. Nilidhani ni mimi."

Mwalimu akamnyooshea chupa ya dawa ya jicho. "Saa yake imefika. Tia wewe."

Alikuwa ameinama juu yake simu ilipolia mfukoni. Akaipokea. Alikuwa mkewe, akisema kwa sauti kubwa ya mtu aliyekuwa akilia, "Amecheka. Mdomo mzima, baba yake. Mdomo mzima."

Wodi nzima ilisikia. Mtoto pale mlangoni alijivuta zaidi nyuma ya bibi yake.

"Vizuri," daktari alijibu, akakata simu. Kisha akatia tone moja katika jicho la mwalimu, ambalo lilikuwa likimtazama, akatafuta plasta ya kulifunga.