Maili za Mzee Arvo za Kwenda Hospitali

Mgodi wa chuma ulikuwa umeshafungwa, lakini Mzee Arvo Kangas, mwenye asili ya Ufini, bado aliamka alfajiri kama mtu wa zamu. Alikunywa kahawa, akakwangua theluji kwenye kioo cha gari, akaondoka. Alijitolea katika shirika la hisani la mjini kwao. Kazi yake ilikuwa kumpeleka Bi Delphine, mjane mgonjwa wa figo, hospitali ya mbali akasafishwe damu.

Mkewe Helmi alibaki dirishani. Gari lile! Watoto wao walikulia humo, wakigombania viti na kumwaga maziwa. Alilipenda mno. Lakini sasa petroli ilikuwa inawamaliza.

Jioni alisema, "Mzee, pensheni haitoshi. Mwambie Delphine mwezi huu ndio wa mwisho."

Arvo aliweka uma chini. "Nani atampeleka?"

Helmi alianza kuondoa sahani mezani.

Kesho yake walikwenda maktaba. Huko jirani yao Norma alikuwa akisaidia watu kujaza fomu za kodi bure. Helmi akamweleza yote.

"Kumbe mnahangaika bure!" alisema Norma. "Nyinyi huorodhesha makato yenu ya kodi moja moja, si ndiyo? Riba ya mkopo wa nyumba na mengineyo. Basi wekeni na safari za kujitolea. Ni senti kumi na nne kwa kila maili. Na ada ya maegesho pia, mradi shirika halikurudishii fedha hizo."

"Nilipwe kwa kumsaidia jirani?" Arvo alifoka. "Aibu gani hii!"

"Nani kakulipa, Mzee Arvo? Hiyo ni sadaka umetoa. Inaondolewa kwenye mapato yako kabla ya kutozwa kodi, basi."

Helmi alicheka. "Mfini huyu! Hata kahawa ya bure ataikataa mara tatu ndipo ainywe."

Arvo alikuna kichwa. "Haya. Mwaka jana niliendesha kama maili elfu kumi."

"'Kama' haifai. Andika siku ileile: tarehe, ulikokwenda, kwa kazi gani, maili ngapi. Muda wako hauhesabiwi, hata ukiendesha kutwa nzima."

"Na tukirudi kwa kuzunguka?" aliuliza Arvo kwa sauti ya chini. "Huwa tunapitia mgodini. Delphine anapenda kuliona lango. Mumewe alikuwa zamu yangu."

Helmi alimgeukia. Hakuwahi kuambiwa.

"Maili hizo ni zako mwenyewe," alisema Norma. "Usiziandike."

Za mwaka jana wakaziacha, maana hazikuandikwa. Tangu siku ile Arvo aliandika kila safari. Msimu wa kodi uliofuata, kodi yao ilipungua. Haukuwa utajiri, lakini walinunua matairi, na kiasi kikabaki cha petroli. Bi Delphine hakukosa safari hata moja.

Siku moja Helmi alikwenda nao. Wakati wa kurudi, Arvo alikata kona kuelekea mgodini. Lango lilikuwa na kutu, na majani yameota njiani.

"Zamu ikitoka," alisema Bi Delphine, "ungesikia vicheko vyao mpaka kanisani."

Helmi aliona tena nyuso zile za wachimbaji, nyekundu kwa vumbi, na Arvo kijana akimpungia mkono. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Twende," alisema Arvo. "Maili hizi hazirudishi hata senti."

"Zima injini, mume wangu," alisema Helmi. "Tukae kidogo."