Wanaosikia Ni Wawili Tu

Mbithe, jirani yangu hapa Kimbo, alinieleza haya tukifua nguo. Wivu ulikuwa umemmaliza. Kila jioni mumewe, Kaloki, alijifungia chumbani akiongea na kucheka kwenye app ya simu. Fundi wa simu akamwambia, "Mama, hayo maongezi yamefungwa. Wanaosikia ni wawili tu. Hata kampuni yenye hiyo app haisikii."

Jumamosi mchana Kaloki alienda Gatuanyaga kuona mbuzi, akasahau simu. Mbithe aliibeba, akaacha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ikichemka kwa jiko, akapiga mlango kufuli, akaenda kununua chumvi. Akiwa dukani stima zikapotea, na duka lile halina dirisha. Gizani, ile app ikaita. Akapokea.

Mwanamke alikuwa akiimba polepole. Nyuma yake kifuniko cha sufuria kiligongagonga, kisha akawika jogoo wa Mbithe, yule mwenye sauti iliyopasuka.

"Wewe ni nani? Unataka nini na bwanangu?" Mbithe akauliza.

"Chumvi ya nini, mama? Mimi nimeshampakulia."

Mbithe alikimbia nyumbani. Kufuli lilikuwa vile alivyoliacha. Ndani, sahani ya Kaloki ilikuwa mezani, imejaa, ikitoa mvuke, na mwiko ulikuwa bado unadondosha matone.