Tuta Linalokula Mahindi

Kila asubuhi kabla ya shule, Siafu alipanda shambani na baba yake kuchimba. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu akiishika kazi haachi. Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko mkali. Kila masika mvua ililikwangua, ikaacha changarawe, na mahindi yakatoka membamba kama njiti. Ndipo bwana shamba alipowafundisha kuchimba mitaro na kuinua matuta yanayoukata mteremko, ili maji yasimame na kuzama ardhini badala ya kukimbia na udongo.

Walimaliza wakiwa na malengelenge viganjani. Mvua ya kwanza ikanyesha. Maji yakaporomoka kutoka shamba la juu, la shangazi, dada yake baba. Yakalivunja tuta la kwanza na kuifukia mbegu iliyokuwa chini yake.

Baba alisimama kando ya ufa ule, kofia mkononi. Akasema matuta yasawazishwe, walime kama zamani. Mtu hashindani na mlima.

"Si mlima, baba," Siafu akasema. "Maji yametoka kwa shangazi. Akichimba na yeye, letu litasimama."

Akaenda mwenyewe. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mwanangu, kila tuta linakula mistari miwili ya mahindi. Shamba lenyewe kama leso. Nikishayalisha matuta, wanangu niwape nini, upepo?"

Siafu akaaga, akateremka. Njiani akapishana na binti wa shangazi, shingo imezama chini ya mzigo wa majani ya ng'ombe aliyoyafuata bondeni.

"Mchimba makaburi," binamu akamtania, "leo umemzika nani?"

Siafu akampisha njia. Macho yake yalikuwa kwenye yale majani.

Walilijenga upya tuta, na Siafu akapanda matete juu yake ili mizizi ishike udongo. Mvua zilizobaki waliziba nyufa kila zilipotokea. Kiangazi kilipokausha bonde, matete yalikuwa yamefika kifuani. Siafu akakata mzigo, akasema anampelekea shangazi. Baba akang'aka: amlishe ng'ombe wa mtu ambaye maji yake yaliwazikia mbegu? Siafu akajitwisha, akapanda.

Shangazi aliyashika majani, akayanusa. "Haya umeyatoa wapi, na bondeni kumekauka?"

"Kwenye tuta linalokula mahindi, shangazi. Linatapika majani."

Shangazi alikaza midomo asicheke, akashindwa. Kesho yake alifika kwao ameshika jembe, akiomba miche ya matete na kuuliza bwana shamba anapatikana lini. Baba aliinuka. Alichukua jembe lake, wakaongozana kwenda juu.

Masika yaliporudi na kukolea, Siafu na baba walitoka kutazama mvua ikiwa bado inanyunya. Maji yalikuwa yametuama nyuma ya matuta ya shangazi. Huku chini mahindi yalisimama wima, na tuta lao halikuwa na hata ufa.

"Mimi nilimnunia dada yangu msimu mzima," baba akasema, "na kununa kwangu hakukuzuia hata tone. Wewe ulisikiliza anachoogopa kupoteza, ukamtafutia jawabu, ukambebea kichwani. Shika hilo, mwanangu. Mteremko haulimwi na mtu mmoja. Anayetaka udongo wake ubaki, amsaidie jirani wa juu kuuzuia wake."