Mwanaume wa Kaptula

Jumamosi ile duka la vifaa vya mbio, katikati ya jiji la Sheffield, Uingereza, lilifurika watu utadhani vitu vinagawiwa bure. Nje mvua ya Januari ilikuwa inageuka theluji. Bryony Staniforth, mwalimu wa hesabu, koti jekundu, nywele zinachuruzika maji, akaiona taiti aliyoifuata, suruali ya kubana ya kukimbilia: nyeusi, ndefu hadi kifundoni, manyoya laini kwa ndani. Imebaki moja. Akaudaka mguu wa kulia. Mguu wa kushoto ukadakwa na mtu mwingine.

"Samahani, hii ni yangu," alisema Bryony.

"Umeilipia lini?"

Aliyeuliza alikuwa jamaa mrefu mwenye ndevu nyekundu. Na chini, jamani, kaptula! Kaptula fupi, baridi ile, magoti yameiva kwa wekundu.

"Wewe na kaptula yako, taiti ya nini?"

"Ya mama. Anatembeza mbwa, baridi inamla miguu."

"Mnunulie mama soksi. Mimi nakimbia milimani."

Jamaa akacheka, akaachia. "Chukua basi. Ila nikwambie kweli, hiyo ya manyoya ikilowa inakunywa maji yote ya mlimani. Tafuta nyepesi inayobana, halafu beba suruali ya mvua ya kuvaa juu yake. Au acha miguu wazi kama sisi. Ngozi inakauka upesi kuliko nguo."

"Sisi nani?"

"Klabu yetu. Kwetu taiti ni mwiko."

"Basi klabu nzima mna wazimu."

"Naitwa Wilf," akasema, macho yanacheka. "Wazimu wetu nitakueleza vizuri kwenye chai."

Chai ikazaa simu, simu zikazaa Jumapili za kupanda vilima pamoja. Wilf alikuwa fundi wa tramu, zile treni za barabarani, mikono migumu, moyo laini. Alimfundisha Bryony kushuka mteremko bila kuuogopa, akambusu kwenye ukungu hadi pua zote mbili zikapata moto. Bryony alimpenda. Alimpenda sana, na hilo ndilo lililomtia hasira, maana mwanaume yule alikuwa hasikii.

Kila walipokutana na wanaklabu, Cragg, mwenye mdomo kuliko wote, alianza: "Wilf, shemeji anakwenda kulala? Mbona kavaa nguo za kulalia?" Wote walicheka. Na Wilf, mpenzi wake, alicheka nao. Baridi Bryony aliiweza. Kicheko kile hakukiweza.

Mbio za mlima Kinder zilipokaribia, wakakaa jikoni kwa Wilf kufunga vifaa. Bila suruali ya mvua mkimbiaji haruhusiwi kuanza. Wilf akachomoa yake, ndogo ajabu, akaikunja ikaenea kiganjani.

"Hiyo nini?" Bryony aliuliza.

"Suruali. Ya mtoto wa miaka kumi."

"Wilf!"

"Nyepesi, mpenzi. Mkaguzi wa mbio anatazama kama mishono imezibwa maji yasipite, kiuno hapimi. Klabu nzima tunabeba hizi. Kwani nani anazivaa?"

"Ukiumia huko juu, je?"

"Nitaita mtoto wa miaka kumi." Akacheka peke yake.

Usiku wa kuamkia mbio, Bryony akapiga simu. "Nimepita dukani, ya saizi yako ipo. Nikuletee?"

"Tulia, mama."

"Usiniambie nitulie!"

"Wenzangu wataniona mwoga, Bryony."

"Wenzako, wenzako! Mimi ni nani kwako? Nakwambia naogopa, wewe unawaza Cragg atasema nini."

"Unakuza mambo."

"Haya. Kesho simama na Cragg wako. Kwangu usije."

Akakata. Akalia, kisha akajichukia kwa kulia.

Asubuhi alisimama kwenye mstari wa kuanzia na taiti yake nyepesi, shingo kaikaza asimtazame mtu. Akamsikia Cragg: "Nguo za kulalia hizo zimefika!" Akageuka, hakujizuia. Wilf aliinamisha uso, akacheka kidogo. Kidogo tu. Bryony akahisi kitu kimekatika ndani yake. Kipenga kilipolia alikimbia kwa hasira tupu.

Huko juu mvua ya mawe ikaanza, na upepo wa kumsukuma mtu. Bryony akajibanza nyuma ya jiwe, akavaa suruali yake ya mvua, akashuka salama, wa karibu na mwisho. Kwenye ukumbi wa kijiji wakampa supu. Akatazama huku na huku. Ndevu nyekundu hazipo.

"Cragg, Wilf yuko wapi?"

Cragg alikuwa anatetemeka, magoti ya bluu. "Alikuwa mbele yangu. Nilijua kashafika."

"Waokoaji wamepanda," mkaguzi akasema. "Keti, binti."

Angeketije? Alikuwa anataka kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga hajashuka mlimani. Supu ikapoa mkononi.

Mlango ulipofunguliwa, waokoaji wawili walikuwa wamemshikilia Wilf, kifundo kimevimba, midomo imekauka. Ile suruali ya mtoto ilikuwa imemkwama juu ya magoti, imepasuka, inaning'inia. Ukumbi mzima ukageuka. Kisha mtu akatoa kicheko.

"Cheka tu," Wilf alisema, sauti inatetemeka. "Ningekuwa hapo na mimi ningecheka. Niliivuta ikagoma mapajani. Nikakaa kwenye tope nikalia kama mtoto, namwita Bryony huyu hapa. Sikumwita mwingine."

Aliyecheka akatazama viatu vyake.

"Kaa," Bryony akasema.

Mtu akamletea Wilf suruali ya sufu ya kuazima. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, havikuweza kushika hata kamba. Bryony akapiga magoti mbele ya klabu nzima, akavua ile iliyopasuka.

"Nimekuudhi," Wilf akanong'ona.

"Lete mguu. Huo mzima kwanza."

"Niliona aibu ya kijinga."

"Mguu, Wilf."

"Nataka kukuoa."

Bryony akasita, suruali mkononi. "Unaniposa huna suruali?"

"Nikingoja kuvaa nitaogopa."

"Nimechoka na wewe, unanielewa? Nimechoka!" Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Nimekaa hapa nikakuzika moyoni. Kesho hawa wakinicheka, utacheka nao?"

Wilf akainua uso, akawatazama wenzake wote, Cragg akiwa wa mwisho. "Atakayemcheka mke wangu atanitafuta mimi," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima.

"Mke wako nani? Sijajibu."

"Basi jibu."

Bryony akaivuta suruali hadi gotini, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nitaolewa na wewe, mjinga mkubwa," akasema. "Sasa lete mguu wa pili, taratibu."