Mke wa Mtambo wa Tatu

Balbu ya chumbani ilififia kila Davlatbek alipomshika mkono mkewe mpya, Nigora. Akiuachia, inawaka vizuri. Kwa majirani umeme haukutikisika hata kidogo.

Davlatbek alikuwa fundi wa kituo cha umeme cha Sangdara, kilichojengwa huku kwetu milimani Tajikistan ili kulisha tanuri za aluminiamu. Kwa ajili ya tanuri hizo walifukia chemchemi yenye jini, ambayo bibi zetu hawakuthubutu kuchota maji yake bila kupiga bismillahi. Siku mtambo wa tatu ulipowashwa, Davlatbek, kwa kiherehere chake, aliufunga ushungi wa bibi harusi akatamka mbele yetu sisi wenzake wawili, "Nimemuoa huyu." Tulicheka mpaka machozi.

Miaka sita mtambo ulimtii yeye tu. Alipomuoa Nigora, ukaanza kunuka hina.

Kisha Nigora akatoka malengelenge kila mahali alipoguswa na mumewe, na mchana kweupe, akikanda unga wa mkate, akasikia mvumo ukutani, mvumo uliotambaa sakafuni ukampanda mgongo mpaka shingoni, ukawa pumzi, na pumzi ikawa sauti ya mwanamke ikimuuliza taratibu, kama anayeulizia bei ya vitunguu, amelala na mume wa nani, na kumwambia kwamba asipompisha, Ijumaa atazikwa.

Alhamisi Davlatbek akakimbilia kwa Bibi Oyniso, mganga.

"Ulimuoa mbele ya mashahidi, mpumbavu wewe," bibi alinong'ona, akifukiza majani makavu.

"Ulikuwa mzaha, bibi. Tuuzime mtambo?"

"Tanuri zipoe, madini yagande humo, ufungwe? Na wivu wake ubaki palepale. Yule ni mke, mwanangu. Mpe talaka."

Akaenda zamu. Akaweka mdomo kwenye chuma chenye joto, akasema, "Nimekuacha." Mtambo ukashusha pumzi ndefu. Harufu ya hina ikakatika. Jamaa akalia kwa furaha.

Nyumbani alikuta mlangoni viatu vya kike, vimelowa, si vya mkewe. Nigora alikuwa jikoni, amekaa sakafuni na godoro lake, mikono haina lengelenge hata moja.

"Umepona," Davlatbek alisema.

"Sema polepole, atakusikia. Kasema haniui tena."

"Nani?"

"Mwenzangu. Talaka yako ameipokea. Anasema eda hukaliwa nyumbani kwa mume, na ndani ya eda mume huweza kumrejea mkewe." Nigora akautazama mlango wa chumbani. "Kanitoa kitandani. Anasema yeye ndiye mke mkubwa."