Nani Alifuta Wekundu wa Ini la Kaka?

Wekundu haupo!

Nilifikicha macho. Nikarudisha jicho kwenye hadubini. Nikazungusha lenzi, nikasogeza kioo kulia, kushoto...

Haupo!

Jamani, kioo kile nilikitengeneza mimi, kwa mikono yangu hii. Jana kilikuwa chekundu hadi kinatisha. Leo kimekuwa cheupe peee!

Na muda huohuo, ghorofa ya juu, kaka yangu alikuwa kalazwa kwenye kitanda cha magurudumu anasubiri kupasuliwa. Kisa? Kioo hicho hicho.

Mtu amekichezea. Mtu anataka kaka yangu afe!

Subirini niwaeleze, msije mkaniacha njiani.

Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali. Mgonjwa akikatwa kinyama kidogo cha kupimwa, mimi nakigandisha, nakikata chembamba kuliko karatasi, nakipaka rangi, nakibandika kwenye kioo. Daktari wetu anakisoma. Kaka yangu ndiye mkuu wa maabara hiyo, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Sasa baba yetu ini lilikuwa limechoka kabisa. Macho ya njano, tumbo limejaa maji, maneno anayatafuta. Daktari wetu huyo, aliye pia kwenye jopo la kumtibu baba, akasema dawa zimefika mwisho, labda apate kipande cha ini la mtu mzima mwenye afya.

Mimi damu yangu ikakataa kuendana na ya baba. Ya Kaka ikakubali.

"Kateni langu," akasema, kama anagawa chungwa.

Nyumba nzima ililia kwa furaha. Isipokuwa mtu mmoja.

"Hapana," akasema mke wake.

"Hapana nini?" shangazi akauliza.

"Hapana, mume wangu hakatwi."

Weee! Kuanzia siku hiyo wifi yangu akapewa jina. Bi Hapana. Akiingia sebuleni watu wanahama. Hata mimi, sifichi, nilikuwa nahama.

Daktari alibakiza swali moja: ini la Kaka lina mafuta? Maana Kaka ana kitambi cha heshima, na picha zilileta shaka. Ini lenye mafuta mengi ukilikata, kipande ulichompa mgonjwa kinaweza kufa, na kilichobaki kwa mwenyewe nacho kinaweza kufa. Unazika wawili.

Kwa hiyo wakamtoa kinyama kidogo, kikaja kwangu.

Rangi yetu ya mafuta ni nyekundu. Mafuta yakiwepo, unaona matone mekundu. Yasipokuwepo, huoni kitu. Lakini rangi hiyo inadeka! Ukimaliza kuipaka, kifuniko cha kioo lazima ukibandike kwa gundi ya maji. Ukikosea ukachukua ile gundi nyingine, yenye harufu kali kama rangi ya ukutani, mafuta yanayeyuka na wekundu unaondoka nayo. Kila mwanafunzi hukosea mara ya kwanza, na Kaka humcheka hadi anakoma.

Basi jana yake nilikibandika kifuniko kwa gundi ya maji. Povu likabaki kwenye kona. Kaka angeliona angeniuliza, "Mdogo wangu, umefuga samaki humo?"

Nikachungulia.

Mekundu! Matone makubwa, yamejaa, yamebanana!

Nikakiacha gundi ishike, daktari akisome asubuhi. Sikumwambia mtu, maana majibu anatoa daktari, si mimi. Nikaenda nyumbani. Nilijua Kaka atakataliwa. Nilijua maana yake kwa baba.

Asubuhi nafika kazini, nakutana na nani mlangoni?

Bi Hapana!

Anatoka maabara, macho yamevimba. Akanipita kama anapita ukuta.

Ndani, daktari akanipokea kwa tabasamu.

"Hongera! Ini la kaka yako safi. Ameshapelekwa juu."

"Safi?!"

"Kuna vitundu vitundu, lakini hivyo ni vya kugandisha."

Akaondoka zake kunywa chai. Hapo ndipo nilipokimbilia hadubini, na hapo ndipo mliponikuta.

Ni kweli, barafu huacha vitundu. Lakini hivi vilikuwa vya mviringo, vimebanana palepale nilipoona matone jana. Mafuta yameondoka, nyumba zake zimebaki tupu!

Nikakinusa kioo.

Harufu ya rangi ya ukutani!

Nilitoka mbio na kioo mkononi. Nikamkuta wifi kwenye ngazi, nikamshika nguo.

"Ulikuwa unafanya nini maabara?!"

"Wifi, niache..."

"Unataka kumuua mume wako?!"

"Mimi?! Si mimi niliyewaomba msimkate?"

"Basi kifuniko nani kakibandua?"

Akanikodolea macho.

"Kubandua kifuniko ndiyo kufanya nini?"

Nikamwachia nguo. Hajui. Mtu hajui hata kifuniko ni nini! Gundi ya maji ukiiloweka kwenye maji ya uvuguvugu inaachia taratibu, kinyama kinabaki salama, unabandika upya. Ni jambo la watu wa kazi.

Nikakiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Povu langu la kwenye kona halipo! Kimebandikwa kikanyooka, huoni kipovu hata cha dawa.

Kwenye maabara yetu anayebandika hivyo ni mmoja tu.

Mungu wangu...

Nilipanda ngazi bila kujua napandaje. Kaka alikuwa kwenye korido, kofia ya kijani kichwani, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Aliangalia mkono wangu, akaona kioo.

"Umejua," akasema.

"Kaka... kwa nini?"

"Niliingia mapema. Funguo si ninazo. Nikaona wekundu kama ulivyouona wewe." Akapapasa kitambi. "Nilijua tu hiki kitakuja kuniumbua."

"Utakufa!"

"Labda. Labda sifi. Lakini baba bila mimi hana hata hiyo labda."

"Na akifa na kipande chako ndani?"

Akanishika mkono, wake wa baridi kama umetoka kwenye friji.

"Nyamaza tu, mdogo wangu. Nakuomba. Mimi nimewahi kukuomba nini?"

Wasomaji wangu, niliogopa! Sijawahi kuogopa vile. Upande wa pili wa kioo cha mlango nilimwona baba, naye kalazwa, anasubiri. Akanyanyua kidole kunisalimia. Nikisema, namuua baba. Nikinyamaza, namuua Kaka, pengine wote wawili.

Muuguzi akaja.

"Haya, tunaingia."

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Kaka akafumba macho.

"Simamisheni!!"

Sauti hata sikuijua kama ni yangu.

Daktari aliletwa. Nikamwambia yote, nalia kama mtoto. Kinyama kilichobaki kilikuwa bado kwenye barafu. Nikakata kipande kipya, nikapaka, nikabandika kwa gundi ya maji, yeye kanisimamia mgongoni. Mapovu mawili. Hakujali.

Akachungulia. Akazungusha lenzi, akachungulia tena.

"Msimkate," akasema.

Kwenye korido shangazi alinisubiri.

"Furahi! Umemuua baba yako!"

Hakuna aliyenitetea. Kaka kageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mimi nimekaa chini sakafuni, natamani ardhi inimeze.

Ndipo wifi akasogea mbele ya daktari.

"Daktari, sasa nijibu lile la asubuhi."

"Lipi hilo?" shangazi akafoka.

Daktari akavua miwani.

"Huyu mama amekuja asubuhi kuniomba nichukue ini lake, nimwache mumewe. Damu imeendana, picha ni nzuri, amepima vyote kimyakimya. Nikamwambia amechelewa, mtu tunaye."

Niliinuka sakafuni.

"Wifi..." nikasema. "Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie saa ngapi? Nikiingia mnahama." Akafuta machozi kwa kiganja. "Mume wangu akipanda ngazi anahema. Mimi ndiye ninayelala naye, nilijua hayuko sawa. Hapana yangu ilikuwa kwake. Kwa baba mkwe sijasema hapana hata siku moja."

Shangazi akatafuta mahali pa kuweka uso, akakosa.

Kinyama cha wifi kilipotolewa, alisema neno moja tu: "Abandike wifi."

Nilipaka rangi, nikachukua gundi ya maji. Kifuniko nikakishusha kwa sindano, taratibu, kama namlaza mtoto. Nikakinusa kwanza, harufu hakuna. Kwa kuogopa, nikaweka pembeni na kioo kipya cha Kaka kiwe shahidi kwamba rangi inafanya kazi. Cha Kaka chekundu. Cha wifi...

Hakina kitu! Hakina vitundu! Safi kwelikweli!

Nilipiga kelele hadi watu wa idara ya damu wakaja kuuliza nani kafa.

"Hajafa mtu!" nikawajibu. "Hafi mtu!"

Baba yupo, na kipande cha ini la wifi ndani yake. Macho yamerudi meupe, na ubishi wake umerudi wote. Kaka alivuliwa ukuu wa maabara, na ilikuwa haki. Sasa anakaa benchi moja na mimi, kila asubuhi anakuja kwa miguu kupunguza kitambi. Akinicheka mapovu yangu namwonyesha chupa ya gundi ya maji, ananyamaza.

Juzi tulikuwa mezani wote. Baba akaita:

"Bi Hapana! Ongeza chakula, mwanangu."

"Hapana, baba. Nimeshiba."

Tulicheka, wengine tukalia hapohapo. Shangazi akainuka, akampakulia mwenyewe.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwona mtu wa kwenu anatoka mlangoni analia, usikimbilie kumshika nguo kama mimi.

Muulize kwanza alikwenda kuomba nini.