Kipa Asiyepanda Meli

Tikiti liliporomoka kutoka kwenye meza ya Modesta pale sokoni Mkuyuni, likawa linaelekea mtaroni. Kijana mmoja mrefu, kofia imemfika kwenye nyusi, akajirusha na kulidaka kwa mikono miwili. Suruali yake nyeupe ikajaa tope.

"Hee! Wewe si Masele, kipa wetu?" Modesta alicheka hadi akashika kiuno. "Kumbe hata matikiti hayakupiti!"

"Usinitaje kwa sauti, dada. Nimekuja kununua mchicha tu."

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mchicha gani huo wa kila siku? Wakapendana.

Basi, wazazi wa Modesta huko Ukerewe wakaweka siku ya Masele kwenda kujitambulisha. Mama mtu akachinja jogoo, akatandika kwenye viti vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe. Masele hakutokea. Ikawekwa siku nyingine, jogoo mwingine, vitambaa vikafuliwa tena. Akapiga simu, eti ana mazoezi. Mjini Mwanza picha zake zilijaa ukutani kwa kila kinyozi, na Modesta akaamini kwamba mtu wa picha zile anaona haya kuoa muuza matikiti.

Mara ya tatu, meli ya kwenda Ukerewe ikiwa imeshapakia, Modesta alisimama juu yake, kitenge chake cha bluu kikipepea, simu sikioni.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Getini."

"Getini, na honi imelia! Baba amesema leo usipofika, jina lako lisitajwe tena kwake. Masele, kama unanionea haya sema, nilie nimalize."

"Siyo haya, Mode. Naogopa maji."

"Wewe? Unayerukia miguu ya watu?"

"Boti yetu ilipinduka nikiwa mtoto. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu, Shimba. Mikono hii wanayoisifu, Mode... ilimwachia."

Modesta akashuka mbio, akipishana na wenye magunia. Akamkuta ameng'ang'ania nguzo ya geti, shati limelowa jasho, machozi yanamtoka. Watu walishaanza kumpiga picha kwa simu.

"Kipa mzima analia!" mmoja akapaza sauti.

"Kwa nini hukuniambia?" Modesta akanong'ona.

"Ulimpenda kipa. Huyu ungempendea nini?"

Akamtia ncha ya kitenge mkononi. "Shika. Hata ukiniachia, mimi sikuachii."

Masele alipanda meli amefumba macho. Njia nzima alitapika, na Modesta akawa anamfuta kwa ncha ya pili, akimkinga wapiga picha wasimwone.

Ukerewe, Mzee Nestory, baba yake Modesta, alikuwa gatini na koti lake la harusi, uso ameukunja.

"Shikamoo, baba," Masele alisema. "Unisamehe, mkono siwezi kukupa. Vidole vimekataa kukiachia hiki kitenge."

Mzee akatazama matapishi shatini, akatazama vidole vilivyokakamaa, akamtazama binti yake.

"Marahaba," akasema taratibu. "Usikiachie. Twende hivyohivyo nyumbani."